Barua ya wazi kwa wanaosimamia parachichi: miche inatosha, tupeni tarehe

Kwa Waheshimiwa: Waziri wa Kilimo, Waziri wa Uchukuzi, Waziri wa Viwanda na Biashara, na wakuu wa mikoa ya Mbeya, Njombe, Iringa na Songwe.

Waheshimiwa,

Salaam kutoka Rungwe. Mimi ni mama wa miaka 58. Nina miti 112 ya parachichi aina ya Hass, iliyopandwa palipokuwa na kahawa ya marehemu baba mkwe, na huu ni msimu wa nne nikiwa ndiye ninayekaa na ufunguo wa banda la kukusanyia matunda la kikundi chetu. Ufunguo huo ndio ulionifanya niandike. Mwenye ufunguo ndiye anayepigiwa simu kontena likikataliwa.

Kila mwaka mnatuletea miche. Tunashukuru, na picha tumepiga pamoja. Lakini naomba, kwa heshima zote, mkono huo upumzike kidogo. Miti ya kututia aibu tunayo ya kutosha. Tunachokosa ni mtu wa kutuambia, kwa mamlaka na kwa muhuri, lini tuanze kuchuma, kisha akamzuia barabarani atakayetangulia.

Niwasimulie Desemba moja. Ilikuwa wiki ya kuelekea Krismasi. Kirikuu mbili, vile vigari vidogo vya mzigo, zilipanda kwetu asubuhi zikiwa na kreti tupu, na kijana mmoja mwenye bahasha. Alinunua kwa fedha taslimu, bei ya juu kuliko ya msimu uliopita, na hakuwa na maswali. Kampuni aliyosema imemtuma siitaji hapa. Matunda kwa macho yalikuwa yamefika: makubwa, ya kijani kinachong'aa. Ukilikata moja, ndipo unapoona. Ganda la kokwa lilikuwa bado jeupe, nene, limeng'ang'ania nyama. Tunda lililokomaa, ganda hilo huwa la kahawia na jembamba kama karatasi ya sigara. Alama hiyo mama yangu aliijua kwa parachichi za kienyeji kabla sijazaliwa. Kwa hiyo tulijua. Tukauza.

Tuliuza kwa sababu baada ya Desemba huja Januari. Ada mmeifuta, na hilo tunalishukuru, ila sare hazijafutwa, wala madaftari, wala mchango wa bweni, wala godoro ambalo mtoto anatakiwa kwenda nalo. Mbolea ya mahindi nayo inataka fedha mwezi huohuo. Mwenye njaa hana miiko, na kijana wa bahasha alilijua hilo vizuri kuliko afisa ugani yeyote aliyewahi kufika kwetu.

Mzigo ule ulipofika Ulaya haukuiva. Parachichi changa likishakatwa halina pa kupata mafuta. Linanyauka, linakuwa kama mpira wa tairi, upande mmoja laini na mwingine mgumu. Februari ikafika, sisi tuliobakiza matunda mtini tukachuma yaliyokomaa, yenye uzito, mazuri ya kupendeza. Bei ikawa imeanguka kutoka shilingi 1,500 kwa kilo hadi 800. Mnunuzi wetu wa siku zote akaniambia kwa simu kwamba wateja wake hawataki kusikia mzigo wa Tanzania kwa sasa. Yule wa bahasha alikuwa ameshahamia kwenye ufuta.

Mtu akiniuliza ushindani wa nchi yetu kwenye masoko ya dunia umekaaje, hapo ndipo ninapoanzia. Mnunuzi wa Rotterdam hajui nani kati yetu alisubiri na nani hakusubiri. Katoni zetu zina neno moja lililoandikwa, na neno hilo ni Tanzania.

Sasa niwaambie nilichofanya msimu uliofuata, kwa sababu kinahusu kile ninachokiomba. Mkwe wangu ana maikrowevu. Nilinunua mizani ndogo ya jikoni Mbeya mjini, ile ya kupimia unga wa keki. Katikati ya Desemba nilichuma matunda matano kutoka pande tofauti za shamba, nikayamenya, nikakwangua vipande vyembamba kama vya kachumbari, nikapima gramu 50 juu ya sahani. Nikaingiza kwenye maikrowevu kwa moto mdogo, nikitoa na kupima, nikirudisha, mpaka mizani ikaacha kushuka. Zilibaki gramu 9. Hiyo ni asilimia 18. Hicho kinachobaki maji yakishakauka wataalamu wanakiita mada kavu. Huku kwetu tunasema drai mata. Kiwango cha kimataifa cha Hass ni asilimia 21 kwa uchache, na wanunuzi wengi wanataka 23 na kuendelea. Katikati ya Januari nilirudia: gramu 10.2. Katikati ya Februari: 11.8, yaani asilimia 23 na ushee. Nyumba ilinuka parachichi lililoungua kwa siku mbili na mkwe wangu hakufurahi, lakini nilikuwa na jibu ambalo ofisi nzima ya wilaya haikuwa nalo: Desemba ile tuliyouza, tulikuwa mbele ya muda kwa takriban miezi miwili.

Maikrowevu, mizani, sahani na daftari. Gharama yake haifiki hata posho ya semina moja.

Najua mtasema miongozo ipo. Ipo, nimeiona, imechapwa vizuri. Matangazo ya tarehe za kuvuna nayo hutufikia, mara nyingi kwenye kundi la simu, wakati malori yameshapita. Na tarehe moja ya mkoa mzima haitutoshi. Shamba la Busokelo kule chini halikomai siku moja na la Isongole kwenye baridi. Njombe na Mufindi nako kuna kalenda yake. Tofauti hii ya miinuko ingekuwa mtaji wetu, maana inatupa matunda kwa miezi mingi kuliko nchi yenye tambarare moja. Kwa sasa ni kichaka cha kujifichia: lori likisimamishwa na tunda changa, dereva anasema limetoka kata nyingine ambako msimu umefunguliwa, na hakuna karatasi ya kumkanusha.

Tazameni jirani. Wakenya, kupitia mamlaka yao ya kilimo, hufunga usafirishaji wa Hass kwa meli mwishoni mwa mwaka, wakaguzi wakaenda mashambani kupima, ndipo wakatangaza siku ya kufungua. Wakulima wao hulalamika sana, na wapo wanaokwepa. Hata hivyo kontena la Mombasa likifika, mnunuzi anajua kuna mtu aliyelipima kabla. Afrika Kusini wana bodi ya kukagua mazao yanayoharibika yanayokwenda nje, na bodi hiyo ipo tangu 1926. Miaka mia wanakagua matunda! Sisi Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu tunayo kwa sheria ya 2020, na wataalamu wa taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Uyole, wako umbali wa saa moja na nusu kutoka shambani kwangu. Watu wapo. Hawajafika kwenye kata wakiwa na mizani, na hawajapewa meno.

Ninachoomba ni hiki. Kila kata inayolima parachichi iwe na kipimo chake, na mtu wake wa kupima, na kitabu chenye muhuri. Kata ikifika asilimia 23, inafunguliwa, na kila mzigo unaotoka humo unabeba karatasi ya kata hiyo. Lori lisilo na karatasi lisipite mizani ya Uyole wala ya Makambako. Pale magari ya mzigo yanasimama tayari kwa ajili ya uzito. Kuongeza dakika tatu za kukata tunda moja na kutazama ganda la kokwa hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Na kwa kuwa sitaki kuonekana nimesahau Januari, kuna ombi la pili, na bila hilo, lile la kwanza litageuka rushwa tu. Mkulima anayeambiwa asubiri miezi miwili lazima awe na cha kusubiria. Korosho na ufuta wana stakabadhi ghalani, kwa Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya 2005: mzigo umo ghalani, karatasi iko mkononi, benki inaweza kukopesha juu ya karatasi hiyo. Mkiwauliza maofisa kwa nini parachichi halina, wanasema ni kwa sababu linaoza. Waheshimiwa, parachichi haliivi likiwa mtini. Limeshakomaa, linaweza kuning'inia pale wiki nyingi, likizidi kujaa mafuta na kuongeza uzito, bila umeme, bila kodi ya ghala, bila panya. Ghala letu ni mti. Kinachooza ni tunda lililokatwa.

Kwa hiyo AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ikihesabu miti ya mwanachama wake mwezi Novemba, ikaandika makadirio ya mzigo, benki ikatoa hata robo ya thamani yake, kijana wa bahasha angekuta watu wameshanunua madaftari. Mwanamke jirani yangu, ambaye mwaka ule aliuza kreti 40, aliniambia alichokuwa akikitafuta kilikuwa shilingi laki moja na nusu. Kwa kutafuta laki moja na nusu aliuza mzigo mchanga, na akatusaidia sote kushusha bei. Simlaumu. Na mimi niliuza kreti 25.

Sasa njia. Saa ya parachichi huanza kuhesabu pale mkasi unapokata kikonyo, na kuanzia hapo hakuna mwanadamu anayeirudisha nyuma. Baridi inaipunguza mwendo tu. Hass inataka kushushwa haraka hadi nyuzi 5 au 6 hivi na kubaki hapo hapo mpaka inapofika. Mwaka juzi nilipanda mwenyewe kwenye lori la mzigo wetu, kwa sababu nilichoka kuambiwa kuwa matunda ya Rungwe ni laini. Tulimaliza kuchuma saa tano asubuhi. Pakihausi za karibu, yaani nyumba za kupoozea na kufungasha matunda, zilikuwa zimejaa, tukaelekezwa Makambako. Lori lilifunikwa turubai jeusi. Uyole tukakuta foleni, tukasimama juani saa mbili. Karibu na Igawa kulikuwa na semitrela limelala upande, tukasimama tena. Nilifungua turubai nikaingiza mkono katikati ya kreti: uvuguvugu ule ule wa yai lililotoka chini ya kuku. Tulifika saa sita usiku, na kipimajoto cha binti anayekagua ubora, alipokichoma kwenye tunda la katikati, kilisoma nyuzi 28. Aliandika, akanitazama, akasema, “Mama, haya tayari yameshakula siku zao.”

Na hapo tunda lilikuwa bado halijakutana na mlima wa Kitonga, wala matuta ya Mikumi, wala bandari, wala bahari. Tangu mwisho wa 2023, kwa sababu ya mashambulizi ya Bahari ya Shamu, meli nyingi za kwenda Ulaya zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari inaongezeka kwa zaidi ya siku kumi. Hilo hamna uwezo nalo na wala silipeleki mezani kwenu. Ila likishakuwa hivyo, saa kumi na tatu za turubai jeusi ambazo zamani zilivumilika sasa ndizo zinazoamua tunda litafika likiwa gumu au likiwa uji.

Mpinzani wetu mkubwa katika miezi yetu ni Peru. Huwa nawafikiria sana hawa watu, maana wanavuna wakati sisi tunavuna na wanauza pale pale tunapouza. Mvua hawana. Mashamba yao ya pwani ni jangwa. Maji wameyaleta kwa mifereji mirefu kutoka mito ya milima ya Andes, kama ule wa Chavimochic. Sisi Tukuyu tunapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ya bure, mpaka tunaichukia. Lakini Peru husafirisha zaidi ya nusu milioni ya tani kwa mwaka, kwa sababu shamba, pakihausi na bandari vinaonana kwa macho, na Novemba 2024 wakafungua bandari nyingine mpya ya Chancay inayotazama moja kwa moja Asia. Mvua ya Rungwe haiwezi kushindana na barabara ya Peru. Ardhi tumewazidi, jasho tumewazidi, wao wametuzidi saa.

Pakihausi tunayoiomba si jumba la kioo. Chumba cha kupoozea matunda kila baada ya kilomita thelathini au arobaini za mashamba, chenye umeme usiokatika na jenereta yenye mafuta ndani yake, kinachotumiwa na vikundi vingi kwa kulipia kreti. Bwawa la Mwalimu Nyerere lina uwezo wa kutoa megawati 2,115 sasa. Kachache tu kaje kulala kwenye baridi ya matunda.

Halafu kuna reli, na hapa naomba Waziri wa Uchukuzi anisikilize. TAZARA inapita Mbeya, inapita Makambako, inafika Dar es Salaam bila kupanda Kitonga. Septemba 2024 kule Beijing, marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia hati ya makubaliano ya kuifufua. Tunasikia habari za shaba ya Zambia. Ni sawa, shaba ni nzito na inalipa. Ila shaba haiozi. Ikichelewa wiki ni shaba ile ile. Mkiwa mnapanga ratiba za treni mpya, tunaomba treni moja kwa wiki wakati wa msimu yenye mabehewa ya makontena ya baridi na behewa la jenereta, iliyoandikwa kwenye ratiba, inayoondoka hata kama haijajaa. Kontena moja la futi arobaini linabeba katoni elfu tano na ushee za kilo nne, kama tani 21. Rungwe, Njombe na Mbozi tukijua treni inaondoka Jumanne, tutachuma Jumatatu. Mkulima akijua siku, anajipanga. Tatizo letu ni kwamba hakuna siku.

La jina la Tanzania kwenye katoni nilipitie haraka. Kwa miaka mingi matunda yetu mengi yalivuka mpaka kwenda Mombasa na mengine yakaingia sokoni kama ya jirani. Wengi hukasirika. Mimi hasira hiyo sina sana, maana jirani alikuwa na baridi na sisi hatukuwa nayo. Mzigo hufuata baridi. Tujenge baridi, jina litarudi lenyewe.

Na kuhusu China: tulifurahi Novemba 2022 mlipofungua soko hilo katika ziara ya Rais kule Beijing. Tulicheza ngoma. Lakini Wachina wanataka shamba lililosajiliwa, pakihausi iliyosajiliwa, na wadudu waliodhibitiwa kwa kumbukumbu zilizoandikwa. Kwenye kikundi chetu cha watu 63, wenye daftari la dawa walizopulizia ni tisa. Tisa hao niliwafundisha mimi, kwa kalamu za wajukuu. Afisa ugani wetu anahudumia vijiji vinne kwa pikipiki ambayo mafuta yake anajinunulia. Mlango mmeufungua, ahsanteni, sasa mtu atuonyeshe kizingiti kiko wapi.

Niongeze jambo dogo ambalo halihusiani sana, ila linanichekesha. Huku kwetu Hass tunaitamka “hasi”, kama hasi na chanya, jina baya kwa biashara. Mtu aliyeipa jina alikuwa Rudolph Hass, mpeleka barua wa posta kule California, aliyeisajili kwa hataza mwaka 1935. Tarishi ndiye aliyetupatia zao hili, na kitu tunachoshindwa ni kulifikisha.

Mtaniuliza wakulima wenyewe tutafanya nini, na mna haki. Tunajua kuna wenzetu wanaotikisa mti na kuokota chini, wanaochuma bila kuacha kikonyo, wanaoficha matunda yaliyodondoka katikati ya kreti kwa akili ile ile ya lumbesa. Kwenye banda langu tulianza mwaka jana: tunda lisilo na kikonyo linarudi nyumbani na mwenyewe. Nimetukanwa kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa. Shemeji yangu hanisalimii hadi leo. Lakini mtu mwenye ufunguo wa banda hawezi kuzuia kirikuu iliyosimama mita mia mbili kutoka bandani, inayonunua kila kitu, chenye kikonyo na kisichonacho, kilichokomaa na kichanga. Anayeweza kuizuia hiyo ni ninyi.

Desemba ijayo, Jumatatu ya pili, nitapima tena. Nimeshamwomba mkwe wangu radhi mapema. Nawaalika mmoja wenu, au mtu mtakayemtuma mwenye muhuri, aje akae nasi kibarazani aone sahani ikiingia na kutoka, kisha aandike asilimia ya kata yetu kwa mkono wake. Chai ipo, na ndizi za kuchoma. Mje na mizani yenu. Yangu betri imekwisha, na duka la Kiwira hawana za aina ile.

Wenu katika kazi,
Mkulima na mtunza ufunguo, Rungwe